Sifa za namba tasa 2,147,483,647

Walimu, wanafunzi, na wapenzi wote wa hisabati,

Namba tunayoizungumzia leo ni 2,147,483,647. Ni namba tasa, yaani haigawanyiki bila baki isipokuwa kwa 1 na kwa yenyewe. Wengi wenu mmekwishakutana nayo kwenye kompyuta, kwa sababu ndiyo namba kubwa kuliko zote inayoingia kwenye nafasi ya biti 32 (biti ni tarakimu moja ya kompyuta, 0 au 1) pale biti moja inapotengwa kuonyesha kama namba ni chanya au hasi. Programu zinazohesabu sekunde tangu 1 Januari 1970 kwa nafasi ya aina hiyo zitaifikia tarehe 19 Januari 2038, saa tisa usiku, dakika 14 na sekunde 7 kwa saa za Greenwich, na sekunde inayofuata zitarudi nyuma hadi Desemba 1901. Hilo ni jambo zito kwa mafundi wa programu, ila linatokana na udogo wa nafasi tu. Namba yoyote ambayo ingekaa kwenye ukingo ule, tasa au isiyo tasa, ingeleta balaa lile lile.

Sisi tunataka kuitazama kama namba. Tunajuaje kwamba ni tasa? Ina tabia gani nyingine, na tabia hizo zinatoka wapi? Hatutaki mtu aikubali kwa sababu imeandikwa kitabuni. Kila mmoja wenu anaweza kuikagua, kwa karatasi akiwa na subira, au kwa programu ya mistari kumi.

Kila kitu kinaanzia kwenye umbo lake. Namba yetu ni 2³¹ − 1. Ukiiandika kwa tarakimu za kompyuta, 0 na 1, unapata moja 31 zilizofuatana, bila sifuri hata moja katikati. Namba za umbo hili, 2ᵖ − 1, huitwa namba za Mersenne, kwa jina la padri Mfaransa Marin Mersenne aliyetoa orodha yake mwaka 1644. Sharti la kwanza ili namba kama hiyo iwe tasa ni kwamba kipeo p chenyewe kiwe tasa. Sababu inaonekana kwa macho: moja sita, 111111, unaweza kuzikata mafungu ya mbili mbili au ya tatu tatu, kwa hiyo 2⁶ − 1, yaani 63, inagawanyika kwa 3 na kwa 7. Moja 31 huwezi kuzikata mafungu yaliyo sawa, kwa sababu 31 ni tasa.

Lakini sharti hilo halitoshi, na hapa ndipo wengi walipojikwaa. Namba 11 ni tasa, ila 2¹¹ − 1 ni 2,047, ambayo ni 23 × 89. Pietro Cataldi, mwaka 1588, alithibitisha kwa usahihi kwamba 2¹⁷ − 1 na 2¹⁹ − 1 ni tasa, kisha akadai kwamba vipeo 23, 29, 31 na 37 navyo vinatoa namba tasa. Kati ya hivyo vinne, ni 31 peke yake kilichosimama. Orodha ya Mersenne nayo iliiweka 31 mahali pake, lakini ikaingiza 67 na 257 zisizostahili, na ikaziacha 61, 89 na 107 zilizostahili. Kwa hiyo kusema tu kwamba 2³¹ − 1 ni tasa hakukuwa na thamani. Ilihitajika mtu akae aihesabu.

Njia anayoijua kila mwanafunzi ni kujaribu kugawanya kwa namba tasa ndogo, moja baada ya nyingine. Hakuna haja ya kuvuka kipeuo cha pili, kwa sababu namba isiyo tasa lazima iwe na kigawo kisichozidi kipeuo chake cha pili. Kipeuo cha pili cha namba yetu ni 46,340 na ushei. Chini ya hapo kuna namba tasa karibu 4,800. Kugawanya namba ya tarakimu kumi mara 4,800 kwa mkono kunawezekana, lakini kosa moja la kuazima linatosha kukupitisha kwenye kigawo bila kukiona, na mwisho wa kazi hutakuwa na njia ya kujua kwamba ulikosea.

Leonhard Euler aliipunguza kazi hiyo kwa namna ambayo tunaiona kuwa miongoni mwa hoja nzuri mno katika hisabati yote, na tunaomba muifuate hatua kwa hatua.

Tuseme q ni namba tasa inayogawanya 2³¹ − 1. Maana yake ni kwamba 2³¹ ikigawanywa kwa q inabakiza 1. Sasa panga vipeo vya 2, yaani 2, 4, 8, 16 na kuendelea, na kwa kila kimoja andika baki lake baada ya kugawanya kwa q. Mabaki hayo yanazunguka: yakishafika 1, yanaanza upya kwa mpangilio ule ule. Kwenye hatua ya 31 tuko kwenye 1, kwa hiyo urefu wa mzunguko mmoja lazima ugawanye 31. Lakini 31 ni tasa, hivyo urefu ni 1 au 31. Hauwezi kuwa 1, kwa sababu hapo 2 yenyewe ingebakiza 1, na hakuna namba tasa ya namna hiyo. Basi mzunguko una hatua 31 kamili. Upande wa pili, kanuni ndogo ya Fermat inasema kwamba kwenye hatua ya q − 1 nako tunakuta 1. Kwa hiyo q − 1 inagawanyika kwa 31. Na kwa kuwa q ni witiri, q − 1 ni shufwa, hivyo inagawanyika kwa 62. Hapo hapo tumetupa karibu namba zote: kigawo chochote cha namba yetu lazima kiwe 62 zidisha kitu fulani, jumlisha 1.

Kuna chujio la pili. Ikiwa 2³¹ inabakiza 1, basi 2³² inabakiza 2. Lakini 2³² ni 2¹⁶ zidisha 2¹⁶. Kwa maneno mengine, 65,536 ikizidishwa kwa yenyewe inabakiza 2. Kwenye hesabu ya mabaki ya q, namba 2 ina kipeuo cha pili, na tunakijua kwa jina. Sasa inajulikana kwamba namba tasa witiri zinazoipa 2 kipeuo cha pili ni zile tu ambazo zikigawanywa kwa 8 zinabakiza 1 au 7. Iwekeni hiyo 65,536 akilini, maana tutakutana nayo tena mahali ambapo watu hawaitarajii.

Unganisha machujio mawili. Namba zinazobakiza 1 kwa 62, na zinazobakiza 1 au 7 kwa 8, ni zile za umbo 248k + 1 au 248k + 63. Za kwanza, hadi 46,340, ni 186. Za pili ni 187, lakini 63 yenyewe si tasa, kwa hiyo zinabaki 186. Jumla 372. Ukizitupa zile ambazo zinaonekana wazi kwamba si tasa, kama 249 ambayo ni 3 × 83, 497 ambayo ni 7 × 71, na 559 ambayo ni 13 × 43, zinabaki kama themanini hivi. Kutoka 4,800 hadi themanini, bila kugawanya hata mara moja!

Tazameni moja kwa karibu. Namba tasa ya kwanza inayopita machujio yote ni 311. Tunagawanya: 311 × 6,905,092 = 2,147,483,612, na linabaki 35. Si kigawo. Lakini hata mgawanyo huo mrefu si lazima. Inatosha kufuata mabaki: 2⁸ ni 256, ambayo ni 311 toa 55, basi tuiandike −55. Izidishe kwa yenyewe: 3,025, toa 2,799 ambayo ni 311 × 9, linabaki 226, au −85. Hiyo ndiyo 2¹⁶. Izidishe tena kwa yenyewe: 7,225, toa 7,153, linabaki 72. Hiyo ndiyo 2³². Nusu yake, 36, ndiyo 2³¹. Toa 1, unapata 35, jibu lile lile. Namba kubwa uliyogusa ni ya tarakimu nne tu. Tunawashauri wanafunzi wafanye njia zote mbili kwa kila jaribio, kwa sababu zinakaguana. Anayetegemea moja hana mlinzi.

Kwenye vipeo vya jirani machujio hayo yanaua papo hapo. Chukua 2²⁹ − 1, ambayo Cataldi aliiamini. Vigawo lazima viwe 58k + 1: kuna 59, lakini 59 kwa 8 inabakiza 3, itupe, 117 na 175 si tasa, inafuata 233, ni tasa na inabakiza 1 kwa 8. Ijaribu: 536,870,911 gawanya kwa 233 ni 2,304,167 kamili. Jaribio la kwanza kabisa, na dai limekufa. Kwa 2²³ − 1, jaribio la kwanza ni 47, nalo linagawanya. Kwa 31, Euler alipita orodha yote hadi mwisho bila kupata kigawo, akatoa taarifa kwa mwanahisabati mwenzake Bernoulli katika barua iliyochapishwa mwaka 1772. Wakati huo macho yake yalikuwa karibu yamekwisha kabisa. Namba yetu ilibaki namba tasa kubwa kuliko zote zinazojulikana hadi mwaka 1867, na mwaka 1811 Peter Barlow aliandika kwamba namba kamilifu inayotokana nayo ndiyo kubwa kuliko zote zitakazowahi kupatikana.

Hiyo namba kamilifu tuiguse kidogo. Ni 2³⁰ × (2³¹ − 1), yaani 2,305,843,008,139,952,128. Vigawo vyake, ukiiacha yenyewe, vinajumlishwa na kuirudisha yenyewe. Hesabu ni fupi: 1, 2, 4 hadi 2³⁰ jumla yake ni 2³¹ − 1, tuiite M. Kisha M zidisha 1, 2, 4 hadi 2²⁹ jumla yake ni M × (2³⁰ − 1). Ukijumlisha makundi mawili unapata M × 2³⁰. Euklidi alilijua hilo, na Euler akaongeza kwamba hakuna namba kamilifu ya shufwa inayotoka nje ya umbo hili.

Barlow alikosea kwa sababu hakuweza kuona njia ya tofauti kabisa, isiyotafuta kigawo. Njia hiyo ilianzishwa na Édouard Lucas katika miaka ya 1870, na Derrick Henry Lehmer akaikamilisha kufikia mwaka 1930. Maelekezo yake ni haya. Anza na 4. Zidisha kwa yenyewe, toa 2, chukua baki kwa namba unayoijaribu. Rudia. Kwa kipeo p ambacho ni tasa na witiri, fanya hivyo mara p − 2. Ukiishia kwenye sifuri, 2ᵖ − 1 ni tasa. Usipoishia kwenye sifuri, si tasa. Hakuna bahati nasibu ndani yake: ni uthibitisho wa pande zote mbili.

Tuione kwa namba ndogo, 2⁷ − 1 = 127, ambako hatua ni tano. Kutoka 4 tunakwenda 14. Kutoka 14: 196 toa 2 ni 194, toa 127, linabaki 67. Kutoka 67: 4,489 toa 2 ni 4,487. Hapa msigawanye kwa 127. Gawanyeni kwa 128, ambayo kwa kompyuta ni kukata biti saba za mwisho tu: 4,487 ni 128 × 35 na 7. Jumlisha 35 na 7, unapata 42, na hilo ndilo baki kwa 127. Sababu ni kwamba 128 inabakiza 1 kwa 127, kwa hiyo kila 128 inahesabika kama 1. Endelea: 42 inatoa 1,762, ambayo ni 128 × 13 na 98, jumla 111. Na 111 inatoa 12,319, ambayo ni 128 × 96 na 31, jumla 127, yaani sifuri. Kwa hiyo 127 ni tasa.

Kwa namba yetu hatua ni 29. Mlolongo unaanza 4, 14, 194, 37,634, kisha 1,416,317,954, kisha 669,670,838, na kuendelea ukirukaruka bila mpangilio unaoonekana. Anayeandika programu asimamishe hapo na alinganishe: kama hatua ya tano haikutoa 669,670,838, kuna kosa, na tunaweza kutaja makosa yanayotokea mara kwa mara. La kwanza ni nafasi. Namba mbili za biti 31 zikizidishwa zinatoa hadi biti 62. Ukiliweka jibu kwenye nafasi ya biti 32, biti za juu zinapotea kimya kimya, programu haitalalamika, na utapewa mlolongo wa uongo hadi mwisho. Tumia biti 64. La pili ni kukunja mara moja tu: ukikata biti 31 na kujumlisha sehemu mbili, jumla inaweza bado kuzidi M, hivyo kagua na utoe M ikibidi. La tatu linauma zaidi kwa kuwa linatokea kwenye hatua ya mwisho: jibu linaweza kutoka kama M kamili, moja 31, ambayo kwa hesabu ya mabaki ni sifuri, lakini programu inayouliza “je, ni 0?” itajibu hapana na kuitangaza namba tasa kuwa si tasa. Ile 127 tuliyoiona sasa hivi ndiyo hiyo. La nne ni kuhesabu hatua vibaya. Ile 4 ya mwanzo si hatua.

Sasa hatua ya 28, moja kabla ya mwisho. Mlolongo uliokuwa ukirukaruka kwenye mabilioni unatua ghafla kwenye 65,536. Ndiyo ile ile 2¹⁶. Na haikuwa na pengine pa kwenda: ili hatua ya mwisho iwe sifuri, namba iliyotangulia ikizidishwa kwa yenyewe lazima ibakize 2, na namba zenye tabia hiyo ni mbili tu, 65,536 na kinyume chake. Ile sifa iliyochuja vigawo vya Euler ndiyo inayofunga jaribio la Lucas. Kwa 127 mlolongo ulitua kwenye 111, ambayo ni −16, yaani kinyume cha 2⁴. Kwa kipeo 31 ilitoka chanya, kwa kipeo 7 ikatoka hasi.

Kwa nini sifuri iwe ushahidi? Chukua namba w = 2 + √3, na mwenzake v = 2 − √3. Ukizizidisha unapata 1, ukizijumlisha unapata 4. Kila hatua ya mlolongo ni w na v zikipandishwa kwa kipeo kinachokuwa maradufu, kisha zikijumlishwa. Jaribuni hatua ya kwanza, 7 + 4√3 na 7 − 4√3, jumla 14. Hatua ya 29 ikiwa sifuri, basi kwa hesabu ya mabaki, w kwa kipeo cha 2³⁰ ni −1, na kwa kipeo cha 2³¹ ni 1. Hivyo mzunguko wa w una urefu wa 2³¹ kamili, wala si pungufu. Sasa tuseme M ina kigawo tasa q kisichozidi kipeuo chake cha pili. Mabaki ya umbo a + b√3 kwa q yako q² tu, ukitoa sifuri ni q² − 1, na hiyo ni ndogo kuliko 2³¹. Mzunguko wa hatua 2³¹ hauwezi kuenea mahali pasipo na nafasi za kutosha. Kwa hiyo q huyo hayupo. Hoja nzima ni ya kuhesabu nafasi, na ndiyo maana tunaipenda.

Kwa njia hii Lucas alionyesha mwaka 1876 kwamba 2¹²⁷ − 1, yenye tarakimu 39, ni tasa, na kwamba 2⁶⁷ − 1 si tasa, ingawa hakujua kigawo chake hata kimoja. Vigawo hivyo, 193,707,721 na 761,838,257,287, vilitolewa na Frank Cole mwaka 1903.

Tugeukie sifa nyingine, ambayo imefanya namba yetu iajiriwe kazi. Ukitoa 1 unapata 2,147,483,646, na hii inavunjika vipande vidogo vidogo: 2 × 3² × 7 × 11 × 31 × 151 × 331. Kuzijua sehemu hizi kunakuwezesha kujua urefu wa mzunguko wa namba yoyote kwa hesabu ya mabaki ya M. Namba 2 ina mzunguko mfupi wa kusikitisha, hatua 31 tu, kwa sababu tunazozijua tayari. Namba 7 ni kinyume kabisa: inapita kwenye mabaki yote 2,147,483,646 kabla ya kurudi kwenye 1. Kulithibitisha hilo hakuhitaji kutembea mzunguko mzima. Pandisha 7 kwa kipeo cha (M − 1) ÷ r, ukiweka r kuwa 2, 3, 7, 11, 31, 151 na 331; majaribio saba, na likikosekana jibu la 1 kwenye yote, mzunguko ni kamili.

Kwa kuwa 5 haigawanyi M − 1, basi 7⁵, yaani 16,807, nayo ina mzunguko kamili, na ndiyo iliyochaguliwa kwa kutoa namba nasibu: zidisha namba uliyonayo kwa 16,807, chukua baki kwa M, rudia. Ukianza na 1 unapata 16,807, kisha 282,475,249, kisha 1,622,650,073. Stephen Park na Keith Miller waliipendekeza mwaka 1988 kama kiwango cha chini ambacho programu nyingine zisishuke chini yake, wakatoa na kipimo cha kukagulia: ukianza na 1, baada ya hatua 10,000 lazima ukutane na 1,043,618,065. Usipokutana nayo, programu yako ni mbovu.

Ubovu wa kawaida ni ule ule wa nafasi, maana 16,807 zidisha namba yetu inahitaji biti 46. Ukilazimika kubaki kwenye biti 32, fanya hivi. M ni 16,807 × 127,773 + 2,836. Gawanya namba uliyonayo kwa 127,773, uite jibu h na baki b. Namba inayofuata ni 16,807 × b toa 2,836 × h. Ikitoka chini ya 1, ongeza M. Kwa 282,475,249: h ni 2,210, b ni 96,919, 1,628,917,633 toa 6,267,560 ni 1,622,650,073. Hakuna mahali ulipovuka ukingo. Usianze kamwe na 0 wala na M, kwa sababu utabaki kwenye sifuri milele. Na tuseme wazi: mzunguko wa bilioni mbili kompyuta ya leo inaumaliza upesi mno, na tangu mwaka 1968, alipoonyesha George Marsaglia, inajulikana kwamba namba za aina hii ukizipanga tatu tatu kama pointi za nafasi ya pande tatu zinalala kwenye tabaka zilizonyooka. Kwa kujifunzia ni nzuri, kwa siri za watu haifai hata kidogo.

Tumalizie na kishawishi cha zamani. Kipeo 31 chenyewe ni 2⁵ − 1, namba tasa ya Mersenne. Vile vile 127, na 2¹²⁷ − 1 ni tasa. Je, namba yetu nayo ikiwekwa kuwa kipeo? Namba 2 kwa kipeo cha 2,147,483,647, toa 1, ina tarakimu zaidi ya milioni 646. Jibu linajulikana: si tasa. Kigawo chake ni 295,257,526,626,031, na kimepita kwenye chujio la kwanza la Euler bila mabadiliko, maana ni 2 × 2,147,483,647 × 68,745, jumlisha 1. Kukikagua ni kazi ya hatua 30, kwa sababu ya zile moja 31: anza na 2; kila hatua zidisha kwa yenyewe, kisha mara 2, chukua baki kwa kigawo hicho. Mwisho unapata 1. Zingatieni tu kwamba kigawo chenyewe kina tarakimu 15, hivyo mazao ya katikati yanafika tarakimu 30, na hapo hata biti 64 hazitoshi.

Kwa 2¹²⁷ − 1 ikiwa kipeo, hali ni nyingine. Tarakimu za namba hiyo hazihifadhiki popote, jaribio la Lucas halina pa kuanzia, na kilichobaki ni chujio: vigawo vya umbo 2k × (2¹²⁷ − 1) + 1, vinavyobakiza 1 au 7 kwa 8, kimoja kimoja. Mwaka 2024 Luke Durant, ndani ya mradi wa GIMPS, ambamo watu wa kujitolea hutafuta namba tasa za Mersenne kwa kompyuta zao, alipata kwamba 2¹³⁶²⁷⁹⁸⁴¹ − 1 ni tasa, yenye tarakimu 41,024,320, na ilithibitishwa kwa hatua zile zile za kuzidisha na kutoa 2. Ile ya kipeo cha 2¹²⁷ − 1 bado haijapatiwa kigawo.